Togwa ya Mzee Tharsisi

Kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga kabla jogoo hajawika. Kudra alikisikia akiwa bado kitandani, akajua maji ya mama yamechemka. Zamani sauti ile ilimfurahisha, maana baada yake walikuja wageni. Sasa alijifunika shuka kichwani. Wageni hawakuwa wakija.

Mama yake, Bi Kuruthumu, alikuwa na hoteli ndogo karibu na stendi ya mabasi mjini Kasulu. Aliuza chai, maandazi na togwa ya ulezi. Kisha kipindupindu kikaingia, na serikali ikafunga hoteli na vilabu vyote, kwa kuwa watu walikuwa wakifa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Hilali, mdogo wake Kudra, ambaye alikuwa bado hajui kulitamka jina lake mwenyewe vizuri. Msimu mzima wa mvua mlango wa hoteli ulikuwa na komeo. Mama aliuza meza, kisha akauza mabenchi.

Hatimaye alikuja Bwana Sylvesta, bwana afya. Alivua kofia mlangoni, akampa mama pole ya mtoto kwanza, ndipo akataja kazi iliyomleta.

"Mama Kudra, sasa unaweza kufungua. Lakini maji yachemshwe. Kila mgeni awe na kikombe chake. Watu wanawe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, wasichovye wote katika beseni moja. Na mwenye kuharisha asiguse chombo, hata awe mwanao."

"Na kuonja?" mama aliuliza.

Bwana Sylvesta aliipindapinda kofia yake mikononi. Naye alikuwa Muha, na swali alilielewa. Kwa Waha, anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza, kutoka chombo kile kile, ili mgeni ajue kwamba hakina sumu na kwamba amepewa kwa moyo safi.

"Kuonja tuache," alisema kwa upole. "Najua ni vigumu, mama yangu."

Hoteli ikafunguliwa. Wanaume walioleta mihogo kutoka kijiji cha Titye waliingia, wakaketi mkekani. Mama aliwapa togwa bila kuionja. Walivitazama vikombe, kisha wakatazamana.

"Mama Kudra," mmoja alisema, "siku hizi hata wewe unaiogopa togwa yako?"

Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyekunywa. Waliondoka mmoja mmoja. Mjini kulikuwa na uvumi kwamba waliokufa walilishwa sumu, na kikombe kisichoonjwa kiliwatia hofu. Siku iliyofuata walikuja wachache zaidi. Baadaye hakuja mtu. Kila jioni mama alimwaga togwa iliyochacha nyuma ya nyumba.

Shuleni, msichana mmoja aitwaye Asia aliuliza kwa sauti, "Kudra, leo kwenu mnauza nini, togwa au sanda?" Darasa lilicheka. Kudra alijifanya anatafuta penseli yake chini ya dawati.

Mtu mmoja tu hakuwakimbia. Jirani yao Immakulata, aliyekimbia mauaji kule Burundi, alijua kwamba kuchemsha maji mengi hivyo hula kuni. Kila asubuhi walikuta mzigo mdogo wa kuni mlangoni. Hakuwahi kubisha hodi.

"Soko la Jumamosi likipita hivi hivi, nauza sufuria," mama alisema. "Tutahamia Kibondo kwa mjomba wako. Utamsaidia shambani."

"Na shule, mama?"

Mama aliendelea kupangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

Jumamosi alfajiri Kudra aliamka na tumbo la kuharisha. Alijua anapaswa kusema. Alijua pia kwamba akisema, mlango utafungwa siku hiyo hiyo. Akanyamaza.

Mama alikuwa uani akikaanga maandazi wakati Mzee Tharsisi alipoingia. Alikuwa mzee wa Titye aliyeishi peke yake, na alikunywa togwa hapo tangu Kudra hajazaliwa.

"Mwakeye, mwana wanje," alimsalimu kwa Kiha.

Kudra alikuwa ametoka chooni mbio, na sabuni hakuigusa. Alimtekea mzee togwa, akakitazama kikombe, akamtazama na mzee aliyekuwa akingoja. Kisha akapiga funda moja mbele yake na kumpa kikombe kwa mikono miwili.

Uso wa mzee ulilainika. "Afadhali," alisema. "Nilidhani heshima nayo imekufa na kipindupindu."

Alikunywa yote. Mama alipotoka uani alimkuta anajipangusa ndevu.

"Mama Kudra, togwa ni ile ile. Nitawaambia wa Titye waje."

Mama alitabasamu. Kudra hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu Hilali azikwe, na kwa ajili yake akazidi kushindwa kusema.

Alasiri miguu ilimwishia nguvu akaanguka uani. Alichoharisha kilikuwa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mama aliyaona, akajishika kichwa. Alikuwa ameyaona kwa Hilali.

"Mama," Kudra alisema kwa shida, "nilionja togwa ya Mzee Tharsisi. Sikunawa. Tumbo lilianza alfajiri."

Mama alikaa chini. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Angeweza kunyamaza. Lakini alimwita Immakulata kwa sauti.

"Dada yangu, kimbia kwa bwana afya. Mwambie hoteli nimeifunga mwenyewe. Mwambie aende Titye kwa Mzee Tharsisi, asichelewe."

Kisha akampakata Kudra kama mtoto mchanga. "Umenivunja, mwanangu," alisema. "Lakini umesema. Kunywa maji haya."

Usiku wa manane Bwana Sylvesta alimkuta mzee nyumbani kwake, amelala kando ya jiko lililozimika, mdomo umekauka, hana nguvu za kujitekea maji. Alimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko njia nzima hadi hospitali, huku vijana wakimbeba kwa machela.

Kudra alipona upesi. Mzee alichelewa. Kwa siku nyingi hawakujua kama ataishi. Sufuria kubwa iliuzwa.

Mzee alipoweza kuketi, mama na Kudra walikwenda wodini. Mama alichukua birika la togwa na vikombe viwili. Walinawa kwa sabuni mbele yake. Mama alijimiminia, akanywa kwanza. Kisha, kutoka birika lile lile, akammiminia mzee kikombe chake.

Mzee Tharsisi alifikiri. "Kumbe mtu anaweza kunionjea bila kuniachia mate yake," alisema, akanywa.

Bwana Sylvesta alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Kudra, wiki ijayo fungua," alisema. "Ukiwahudumia hivyo, watakunywa."

"Watakunywa," mzee alisema. "Nitawaambia mwenyewe."

Kudra alikuwa ameinama. "Nisamehe, babu."

"Njoo karibu. Unajua kwa nini tunaonja? Ni kumwambia mgeni: sikufichi kitu. Wewe ulionja huku umenificha ugonjwa wako, na heshima hiyo ikawa tupu. Lakini baadaye ulisema, ingawa ilikuuma, ndiyo maana walinikuta ningali ninapumua. Anayeficha maradhi huwaangamiza wenzake, mwanangu, hata kama anawapenda. Sema mapema, hata kama utapoteza kitu."

"Nimesikia, babu."

Mama alikusanya vikombe. Mzee alikigeukia kitanda cha pili, ambacho hakikuwa na mtu wala shuka.

"Mwenzangu wa pale alizikwa jana," alisema. "Mchana wa hapa ni mrefu, na mimi sina mtu. Kesho ukitoka shule, uje tena."