Mwambieni Ashuke

Nilikwenda kumpelekea kaka yangu chakula na shati safi, basi. Jua lilikuwa linazama. Wiki nzima alikuwa analala kazini kwa sababu gemu yao ya kompyuta ilikuwa inatoka kesho yake, na mimi nilikuwa na neno la kumwambia: baba amezidiwa, njoo umwone kabla hatujachelewa.

Tunamwita Masikio. Kazi yake ni kutengeneza sauti za gemu: panga, mvua, mifupa inayovunjika. Mifupa yenyewe, kwa taarifa yako, ni karoti anazozivunja. Nilikuwa nikimcheka sana kwa kazi ile. Sasa simcheki.

Ofisi ilikuwa tupu. Aliyebaki ni dada mmoja ng'ambo ya kioo, anayelipwa kucheza gemu ili makosa yaonekane kabla haijauzwa. Nilipoingia chumba cha Masikio, nikasikia harufu. Manyoya yaliyolowa. Nikamuuliza kama siku hizi wanafuga mbwa. Akasema hata yeye inamkera, haitoki, tangu alipomaliza sauti ya huyu.

Akanigeuzia skrini iliyoonyesha mchezo wa yule dada. Nchi ya barafu, miungu yenye ndevu na mashoka. Mmoja wao, mungu wa vifo vya baridi, alikuwa amempanda mnyama wake. Mwili wa farasi, makucha ya dubu, pembe kama matawi makavu. Macho hana. Mchezaji hamfikii mungu mpaka amuue mnyama kwanza.

Akaniambia bosi alikataa pumzi za ng'ombe, za punda, zote. Hii ndiyo aliyoipenda. Akanivika hedifoni.

Pumzi ndefu... nzito... halafu inakwama kidogo, kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Halafu pumzi tena.

Niliijua. Nimekaa kando ya kitanda miezi mingi nikiisikiliza, nikiogopa itakayofuata isije.

"Masikio. Huyu ni baba."

Hakubisha. Alisema alipokuja kumwona aliweka simu kwenye mto, akarekodi, kisha akairefusha ile pumzi na kuishusha iwe nzito. Mzee hakupungukiwa na kitu, alisema. Nilitaka kumzaba kofi palepale.

Ng'ambo ya kioo, yule dada akabonyeza. Mkuki ukazama shingoni. Mnyama akapiga magoti kwenye theluji.

Pumzi ikakatika.

Simu yangu ikaita. Mama, kwa sauti ya kunong'ona. "Njooni. Baba yenu hapumui."

Yule dada akapiga mwayo, akarudisha mchezo nyuma ili amuue tena, maana ndiyo kazi yake. Mnyama akainuka.

"Subiri," mama akasema. "Amerudi."

Masikio alikuwa amesikia. Akatoka mbio, akamnyang'anya yule dada kidude cha kuchezea, akamuuliza wiki hii amemuua mnyama mara ngapi. Dada akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Nani anahesabu, alisema.

Wiki hii. Ndiyo wiki aliyozidiwa baba.

Akarudi, akaifungua ile sauti, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Nikiifuta..." Akaondoa kidole.

Hakuna aliyejua kati yetu. Ile ilikuwa sauti ya pumzi, au pumzi yenyewe? Na hata tungejua, ingesaidia nini? Gemu ilikwishatumwa. Ilikuwa ndani ya nyumba za watu tayari, inangoja kufunguliwa kesho yake jioni.

Nikamwambia anieleze alirekodi vipi, asiache kitu. Alisema alifanya kama kawaida. Watu wa sauti, kabla ya kurekodi, hutaja kwa sauti jina la kile wanachokirekodi, kisije kikachanganyika na kingine.

"Nilisema, 'Mnyama wa mungu, pumzi, mara ya kwanza.' Baba alikuwa amelala. Lakini aliitika."

"Aliitikaje?"

"Alisema, 'Naam.'"

Baba yetu ndivyo alivyo. Akiitwa jirani, yeye huitika. Tumemtania hivyo tangu utotoni.

Kwenye skrini, mnyama aliyeachwa bila mchezaji akageuza kichwa. Taratibu. Ule uso usio na macho ukatuelekea sisi. Masikio akanong'ona kwamba hakuna mtu ofisini aliyemfundisha kufanya vile.

Tulikimbilia nyumbani. Mama alikuwa anamfuta baba jasho. Nilipomfungua vifungo vya shati niliona alama za buluu mbavuni, kushoto na kulia, pale ambapo mpandaji huweka visigino. Chumba kilinuka manyoya.

Baba akafumbua macho.

"Mwambieni ashuke," alisema.

"Nani, baba?"

"Huyu... mzito."

Tulikesha hapo. Kulipokucha hatukutoka, na mchana hatukula. Tulikuwa tunangoja jioni, na jioni ikafika.

Mara dirishani kwa jirani nikaisikia. Pumzi ndefu, nzito, inakwama kidogo. Kisha kelele za vijana wakishangilia.

Baba akakatika pumzi.

Akarudi. Akakatika. Akarudi... Nyumba ya jirani, nyumba ya mbele, miji nisiyoijua, kila mmoja na mkuki wake. Masikio alikaa sakafuni ameziba masikio kwa viganja. Nililia bila kujificha. Sikujua niombe nini, arudi au asirudi, kwa sababu kila alipokwenda kuna mtu mahali fulani aliyeanza upya.

Mama hatukuwa tumemwambia kitu. Yeye aliona mgonjwa anayeteseka tu. Akafumba macho, akamwomba Mungu ampokee mja wake, ampumzishe.

"Semeni amina," akatuambia.

Tuliogopa kuitika. Aliyeitika ni baba, macho ameyafumba, kwa adabu yake ileile.

"Naam," alisema.

Lakini hakuwa anamjibu mama; alimjibu aliyempanda.