Makavera Kumi na Mawili ya Mama Ramlah

Kule Bugembe, nyuma ya maduka ya barabara kuu iendayo Iganga, kuna nyumba saba zilizopangana kando ya mtaro mmoja. Nyumba ya tatu ni ya Khadija na mume wake, Swaib. Watu humwita Khadija Mama Ramlah, kwa jina la binti yao. Ni Mnubi, na kazi ya mikono anaiweza. Anasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake anayevisuka.

Nyumba ya nne ni ya Dorothy, Mkenya kutoka Busia. Dorothy anauza unga wa mahindi na wa mtama katika chumba cha mbele. Kati ya nyumba hizo mbili kuna ua mfupi wa miti. Wanawake hawa wamezungumza juu ya ua huo kila siku kwa miaka tisa.

"Mama Ramlah, leo mmepika nini?" Dorothy huuliza.

"Nyama ya mbuzi, dada yangu. Na wali kidogo."

"Nyinyi mnakula, bwana!"

Ulikuwa uongo. Swaib alikuwa dereva wa lori, lakini mwaka uliopita mgongo ulimshinda, na sasa yuko nyumbani. Nyama kwao huonekana siku ya Idi. Siku nyingine ni mihogo mchana, mihogo jioni. Lakini Khadija alikulia katika nyumba ambayo mgeni hakukosa sahani, na umaskini wa sasa ulimtia aibu. Basi kila mchana alikaanga kitunguu kimoja, mlango ukiwa wazi. Jirani akinusa kitunguu, nyama anaiongeza mwenyewe kichwani.

Kitunguu kilimsaidia, lakini maganda yangemsema. Kwa hiyo maganda ya mihogo aliyatia kwenye kavera jeusi, ule mfuko wa plastiki wa dukani. Alilifunga. Kisha alilitia ndani ya kavera la pili, akalifunga tena kwa mafundo mawili. Mimi simcheki. Wengi wetu tuna kitu tunachokifunga mafundo mawili.

Mwezi wa tatu, baraza la mji lilileta utaratibu mpya. Mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akieleza. Lori la takataka litakuja Jumanne na Ijumaa. Kila nyumba iweke nje vyombo viwili. Kimoja ni ndoo ya vitu vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Kingine ni gunia la vitu vikavu: chupa za plastiki, makopo, makavera.

Jumanne ya kwanza lori lilifika. Mfanyakazi wake aliitwa Magidu, kijana wa Kisoga mwenye buti za mpira na sauti kubwa. Alimwaga ndoo ya Dorothy. Alipofika kwa Khadija, alikuta makavera mawili meusi yamefungwa vizuri, yamekaa ndani ya ndoo.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza.

"Maganda," Khadija alijibu kwa sauti ya chini. "Si mmesema maganda?"

"Maganda tunataka. Kavera hapana. Fungua, mwaga hapa."

Khadija alitazama huku na huku. Majirani watano walikuwa wamesimama na ndoo zao.

"Chukua tu hivyo hivyo, mwanangu. Ni safi. Mimi sipendi uchafu uonekane."

"Mama, siwezi. Nikufunze kitu." Magidu alivua glavu. Kwenye kiganja chake kulikuwa na kovu refu. "Hii nilipata kwa kavera kama hii. Mtu alifunga maganda na chupa ya kuvunjika. Mimi nikafungua, kioo ikaingia. Wiki tatu sikushika kazi."

"Pole sana. Mimi sikutia kioo."

"Najua, mama. Lakini nitajuaje kabla sijafungua? Tena, maganda tunapeleka mahali pa kutengeneza mbolea. Tunarundika, tunageuza, inapata moto ndani, inakuwa udongo mweusi. Wakulima wanakuja kuchukua. Kavera haiozi. Ikiingia shambani, maji hayapiti, mizizi haipiti. Ng'ombe akila, inamkaa tumboni mpaka anakufa. Sasa fungua, tumwage."

Maneno yalikuwa mazuri na Khadija aliyaelewa yote. Lakini macho ya majirani yalikuwa palepale. Alichukua makavera yake akarudi nayo ndani.

"Nitafungua Ijumaa," alisema.

Ijumaa hakufungua. Wala Jumanne iliyofuata. Kila alfajiri baada ya sala, alitoka nyuma ya nyumba na kavera moja mkononi. Alilitupa kwenye mtaro, pale unapopita chini ya daraja dogo la zege. "Maji yatalipeleka mbali," alijiambia. Swaib alimwona siku moja kupitia dirishani.

"Khadija, mtaro si lori," alisema.

"Na wewe unataka watu wajue tunakula nini?"

Swaib alifunga dirisha. Alijua kwamba mgongo wake ndio ulioleta mihogo ile, na hilo lilimuuma kuliko mgongo wenyewe.

Mvua kubwa ilinyesha Alhamisi moja mchana. Ilinyesha kwa saa mbili tu. Maji ya barabara kuu yalishuka mtaroni kwa nguvu. Yalipofika chini ya daraja, yalikuta njia imezibwa. Yakageuka, yakapanda ukingo, yakaingia katika nyumba iliyokuwa chini kuliko zote. Ilikuwa nyumba ya Dorothy.

Khadija alisikia kelele za jirani yake, akatoka mbio. Dorothy alikuwa amesimama ndani ya maji, anavuta gunia la unga peke yake. Walilivuta pamoja. Walivuta na la pili. Lakini magunia matatu yalikuwa yamelowa hadi juu. Unga wa mtama ulikuwa umekuwa uji sakafuni.

"Unga yangu!" Dorothy alilia. "Unga yangu yote, haki ya Mungu! Nitaanza wapi?"

Khadija alimshika mkono. Alijua ni nini kilichokuwa chini ya daraja, na hakusema.

Kesho yake asubuhi, mwenyekiti wa mtaa alikuja na Magidu na wanaume wawili wenye koleo. Mtaa wote ulitoka kutazama. Walivuta kavera jeusi la kwanza. Wakavuta la pili, la tatu. Waliyapanga juu ya nyasi, na mwenyekiti akayahesabu kwa sauti. Yalikuwa kumi na mawili.

"Fungua moja," mwenyekiti alimwambia Magidu. "Tujue ni ya nani."

Magidu alivaa glavu zake, akalikata fundo. Maganda ya mihogo yalimwagika juu ya nyasi. Katikati ya maganda kulikuwa na vipande vya ukindu, vyekundu, vya kijani na vya zambarau. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena. Watu waligeuka mmoja mmoja wakamtazama Khadija.

"Fungua nyingine," mtu alisema. Ilikuwa mihogo. Nyingine, mihogo tena.

Dorothy aliinama, akaokota ganda moja, akaliangalia.

"Mama Ramlah," alisema polepole. "Kila siku ulinieleza nyama. Nyama ya mbuzi, nyama ya ng'ombe. Mimi nikakuamini. Mimi nikatamani kwako. Kumbe ni mihogo, na hiyo mihogo ndiyo imeua unga yangu?"

Machozi yalimtoka Khadija mbele ya watu wote. Aliingia ndani, akafunga mlango. Siku hiyo hakukaanga kitunguu.

Jumamosi aliondoka kwenda Mbale, kwa dada yake mkubwa. Alimwambia Swaib kwamba anaenda kumsalimia. Ukweli ni kwamba alikuwa anakimbia.

Dada yake, Juwairiya, anaishi Nkoma. Mume wake ni mwalimu na hupokea mshahara. Khadija siku zote aliiona nyumba ile kuwa nyumba ya wenye nafasi. Boda boda ilimshusha mlangoni. Kitu cha kwanza alichokiona nje ni ndoo isiyo na mfuniko. Ndani yake, juu kabisa, kulikuwa na maganda ya mihogo.

Alisimama akiitazama ile ndoo hadi dada yake alipotoka.

"Unaangalia nini? Karibu ndani!"

"Dada, hii ni takataka yenu?"

"Ya nani tena? Hata hapa mjini wanataka tutenganishe. Mimi naweka hapo, watoto wakitoka shule wanapeleka nyuma."

"Lakini ni mihogo. Shemeji si mwalimu?"

Juwairiya alicheka hadi akashika mbavu. "Sasa mwalimu hali mihogo? Nina watoto watano shule, Khadija. Nyama naiona kama wewe unavyoiona."

"Na majirani wakiona?"

"Wanaona. Mimi pia naona ndoo zao. Huyu wa hapa, mwenye gari, wiki nzima ni maganda ya viazi."

Khadija alikaa chini kwenye ngazi. Alimweleza dada yake habari yote, kuanzia kitunguu hadi unga. Juwairiya hakucheka tena.

"Mficha uchi hazai," alisema mwishowe. "Umeficha sahani yako, ukamwaga ya jirani. Njoo nyuma, nikuoneshe maganda yanafanya nini yasipofungwa."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo fupi, kina chake hadi goti. Juwairiya alieleza huku akilichimbua kwa jembe. Unaweka maganda, kisha unaweka majani makavu juu yake, kisha udongo kidogo. Unafanya hivyo kila siku. Nyama na mifupa huweki humo, kwa sababu panya na mbwa watafukua. Likikauka sana unanyunyiza maji. Likinuka, ujue ni bichi mno, basi ongeza majani makavu. Kila wiki mbili unaligeuza.

"Baada ya muda gani?"

"Miezi mitatu hivi. Shika."

Alimpa udongo mkononi. Ulikuwa mweusi na mwepesi, unanuka kama shamba baada ya mvua. Khadija alitafuta ganda ndani yake, hakuliona hata moja. Kando ya shimo yalisimama magunia manne yaliyojaa udongo huo, na sukuma wiki ilikuwa imeota juu na ubavuni.

"Sisi hatuna shamba," Khadija alisema.

"Na hili ni shamba? Ni magunia. Mahali pa kuweka mguu panatosha."

Khadija alikaa siku mbili. Ya tatu alirudi Bugembe na mfuko wa miche ya sukuma wiki. Hakupumzika kwake: aliweka miche, akachukua tabaga moja, akatoka. Alikwenda kwa Dorothy, akamkuta anafagia duka nusu tupu.

"Dorothy, nimekuja kuomba msamaha," alisema akiwa amesimama. "Nilitupa mimi. Niliogopa mjue hatuna nyama. Nimekuharibia unga wako kwa sababu ya maganda. Nisamehe."

Dorothy aliendelea kufagia. Alifagia hadi mlangoni.

"Unga imenikasirisha, ni kweli," alisema. "Lakini uongo imeniuma zaidi. Miaka tisa tunaongea juu ya ua, Mama Ramlah! Ungeniambia, mimi ningekucheka?"

"Sijui."

"Ungejua kama ungeniambia."

Khadija alitoa tabaga kubwa aliloleta chini ya kwapa, jekundu na zambarau, alilokuwa amelisuka kwa ajili ya harusi ya Ramlah. "Liuze, au liweke. Si malipo ya unga. Ni mkono wangu." Dorothy alilipokea, lakini siku hiyo hakutabasamu.

Jumamosi iliyofuata, Khadija na Swaib waliwaomba majirani wasafishe mtaro pamoja. Swaib hakuweza kuinama, basi alikaa kwenye kigoda na kushika gunia huku wengine wakitia makavera na chupa ndani yake. Magidu alikuja pia, ingawa haikuwa siku yake ya kazi. Chupa za plastiki aliziweka kando.

"Hizi ziko na wanunuzi, wanasaga kutengeneza vitu vingine," alieleza. "Lakini kama ni chafu ya maganda, hawataki. Ndiyo tunasema mtenganishe nyumbani."

Mwezi wa tano mvua kubwa ilinyesha tena. Watu walisimama milangoni wakitazama mtaro. Maji yalipita chini ya daraja, yakaenda zake. Dorothy hakuhamisha hata gunia moja.

Sasa nje ya nyumba ya tatu kuna ndoo isiyo na mfuniko. Maganda mengine Khadija anayatia kwenye shimo lake, na yanayobaki anampa Magidu. Magunia mawili ya sukuma wiki yanasimama karibu na ua. Wiki iliyopita alichuma kwa mara ya pili.

Siku hiyo hiyo Dorothy alitokeza kichwa juu ya ua. Aliitazama ndoo, akamtazama jirani yake.

"Mama Ramlah, leo mmepika nini?"

Lilikuwa swali lilelile la miaka tisa. Dorothy hakuwa ameliuliza tangu siku ya mafuriko. Khadija alisimamisha kisu.

"Mihogo na sukuma," alisema. "Nyama hakuna."

"Hata kwangu hakuna," Dorothy alijibu. "Lakini niko na mukene kidogo, wale dagaa wa Wanyange. Ngoja nilete, tupike pamoja."

Khadija aliweka sufuria motoni, akakata kitunguu kimoja. Siku hiyo alikikaanga ili kiliwe.