Jicho Juu ya Shimo

Bisha. Nakupa ruhusa, tena bisha mapema, maana wabishi wote niliowahi kuwasimulia walianza kwa kucheka na wakamaliza kwa kuniomba niwasindikize chooni. Mimi shule niliiacha darasa la sita, sikuona walichokuwa wananiongezea. Wewe mwenye vyeti kaa hapo, ukimaliza kusikia unieleze betri ina kazi gani.

Theonest alikuwa fundi simu pale Katoro. Simu iliyotumbukia mtoni ikifika mkononi mwake inaamka. Sasa kuna Mzungu mmoja wa mambo ya miamba alimaliza mkataba akauza vyombo. Watu wakagombania friji, Theonest akanunua darubini. Darubini ya nyota, yenye mota chini yake: ukiielekeza kwenye nyota, mota inaizungusha taratibu kuifuata mpaka itue.

"Umeacha friji?" mkewe Salome akamuuliza.

"Friji kila mtu anayo."

"Mimi sina."

Walikaa pembeni ya mji, kwenye kiwanja walichokipata kwa bei ya kutupa kwa sababu katikati ya ua kulikuwa na shimo la zamani la dhahabu, limezibwa kwa sementi. Wachimbaji walisema shimo lile lina mwenyewe, jini. Kwamba walimwahidi roho moja, akawapa dhahabu, halafu wao wakamzibia humo na kuuza kiwanja. Theonest alicheka. Darubini inataka mahali pagumu pasipotikisika, na uani kwake palikuwepo mahali pamoja tu: juu ya ile sementi.

Jioni ya kwanza, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, akaielekeza kwenye Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Salome akachungulia, akaona vinyota vinne vimejipanga ubavuni mwake, akasahau friji. Haikupita dakika tano, nyota ikatoka kwenye kioo. Theonest akairudisha. Ikatoka tena, upande uleule.

Fundi hashangai, fundi anapima. Akaweka pima maji: miguu mitatu iko sawa. Akasogeza uzito wa kusawazisha, bomba la darubini likatulia. Akapima betri: volti kumi na mbili na ushee. Akafungua meno ya mota, akasafisha, akapaka grisi. Mwishowe, Jumapili, akagundua mtambo umepangwa kwa watu wa kaskazini ya ikweta, na sisi huku tuko kusini, kwa hiyo mota ilikuwa inazunguka kinyume. Akajicheka, akarekebisha, na nyota ikakaa katikati nusu saa nzima kama imegongelewa msumari.

Kisha bomba likaanza kushuka.

Mlio wa mota ulikuwa kama wa mbu; sasa ukawa wa mtu anayekoroma chini ya blanketi. Theonest akaanza kuweka alama za chaki. Jumatatu bomba liliishia limeelekea kwenye mwarobaini wa jirani. Jumanne, kwenye bati la jiko. Jumatano, ukutani, hatua mbili kutoka dirisha la chumbani. Hakuna nyota inayokwenda hivyo.

"Haipotei njia," akamnong'oneza mkewe. "Kuna kitu inatafuta."

"Izime basi, Theo."

"Nimeizima." Akamwonyesha waya wa betri. Ulikuwa mkononi mwake.

Wakajaribu kuing'oa. Miguu haikunyanyuka, kama imeota mizizi kwenye sementi. Alhamisi Salome akaamka na homa, na chumbani kukawa na harufu ya udongo wa chini kabisa, mbichi, uliochanganyika na baruti, harufu ambayo mchimbaji yeyote anaijua na hakuna anayeipeleka kitandani.

Ijumaa jioni akaletwa Mama Zipora, mganga wa kule Samuye, kwa bodaboda, kuku mweusi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kampa mwenye shimo jicho? Alikuwa gizani, hajui pa kwenda. Sasa anaona. Anatafuta alichoahidiwa." Akalitazama bomba, akalitazama dirisha. "Lisifike pale kabla sijamaliza maneno yangu. Lishikeni."

Likashikwa. Mama Zipora akaanza, ubani ukafuka, kuku akalegea kama amelewa, na chini ya sementi kukawa kunagonga, ngo, ngo, kama nyundo ya mtu aliye mbali sana chini, na bomba likawa linajivuta hivyohivyo ndani ya mikono iliyolishika, mota isiyo na betri inakoroma, harufu ya udongo inajaa kooni, Theonest ananong'ona, "Bado, mama? Bado?" na mganga anatikisa kichwa bila kuyakata maneno yake, mpaka kulifikia dirisha kukabaki vidole vitatu, vikabaki viwili, na hapo bomba likaponyoka.

Chumbani Salome akapiga kelele moja, fupi, kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

Mama Zipora akamfungua kuku akamwachia aende. Mganga akimwacha kuku hai, ujue hana tena la kufanya.

Salome yupo, anakula ukimlisha. Hasemi. Jua likitua anatoka, anakaa juu ya ile sementi, uso juu, na shingo inageuka polepole mno, ukiikodolea huioni ikisogea, ila mwisho wake inashuka na kulala upande wa dirisha. Ukisogeza sikio unasikia mlio wa mbu. Theonest anakaa naye kila jioni, bisibisi mkononi, na hana pa kufungulia.

Sasa kuna mahali nimeparuka. Nimesema bomba liliponyoka. Halikuponyoka. Upande mmoja alishika Theonest, upande wa pili nilishika mimi, maana Salome ni dada yangu, tumbo moja, na mimi ndiye niliyejipiga kifua mbele ya mganga. Uzito haukunishinda. Nilichungulia tu kwenye kile kioo, mara moja. Nikamwona dada amelala, na kando ya kitanda kuna kitu kimechuchumaa, kinanitazama. Kikaninyoshea kidole mimi, kisha kikamnyoshea yeye, kisha kikangoja, kama muuzaji anayekuuliza unachukua kipi.

Nikaachia.