Jani la Isale na Neno la Violet

Kila asubuhi Anyesi alikata majani ya ng'ombe, akanawa miguu mferejini, kisha akateremka shuleni kwao Kibosho huku akijisomea kimoyomoyo. Alikuwa darasa la sita, na kwa Kiswahili hakuna aliyemfikia. Mwaka ule shule ingepeleka mwanafunzi mmoja kwenye mashindano ya Kiswahili mjini Moshi, naye alikwisha kujiona amesimama jukwaani.

Ndipo akaja Violet. Baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, na mama yake, muuguzi, alikuwa amehamishiwa zahanati ya parokia. Violet hakujua neno hata moja la Kichagga, lakini Kiswahili chake kilitiririka bila kujikwaa. Tangu siku ya kwanza roho ilimuuma Anyesi. Violet akisifiwa, yeye aliinama akijifanya anaandika. Violet akicheka, yeye aliona ndiye anayechekwa.

Siku moja Mwalimu Thadeus alimtaka kila mmoja aeleze neno moja, maana yake na lilikotoka.

"Atakayetia fora ndiye atakayekwenda Moshi," alisema.

Anyesi alieleza neno "kihamba", lile shamba la migomba na kahawa la ukoo, akapigiwa makofi. Kisha Violet akasimama.

"Neno langu ni kumetameta. Mmemwona chozi, yule ndege mdogo anayefyonza ua la mgomba? Akikaa hivi ni kijani. Akigeuka kidogo ni kama dhahabu. Akigeuka tena, mweusi. Huwezi kusema ana rangi moja. Neno lenyewe limetokana na kumeta, yaani kutoa nuru. Nuru ikija na kwenda, ikija na kwenda, nasi tunalirudia neno: kumetameta. Hata yule mdudu wa usiku anayewaka na kuzima, wengine humwita kimetameta."

Darasa zima lilimtazama kwa mshangao. Anyesi alikuwa akimwona chozi kila siku mgombani kwao, na hakuwahi kumtafutia neno. Leo mgeni wa juzi tu ndiye aliyempatia! Saa ya mapumziko alimfuata mwalimu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Lile neno mimi ndiye niliyemwambia Violet, jana tukiteka maji. Ameniibia."

Mwalimu hakuwahi kumsikia Anyesi akisema uongo, akamwamini. Violet alipoulizwa mbele ya darasa alikana, lakini nani angemtetea mgeni? Anyesi akateuliwa. Wenzao wakaanza kumwita Violet mwizi wa maneno, naye akaacha kabisa kunyoosha mkono darasani.

Anyesi alidhani angefurahi. Badala yake, kila alipojizoeza kulisema lile neno, aliisikia sauti ya Violet. Akakumbuka isale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba. Kwa Wachagga, aliyekosa humpelekea mwenzake jani la isale, na aliyepelekewa hana budi kusamehe. Alfajiri alikata jani moja mpakani mwa kihamba, akaliweka mlangoni kwa kina Violet, akakimbia asionekane. Hakutaka kusema lolote, isale lingemsemea.

Shuleni alingoja asamehewe. Violet hakumtazama hata kidogo. Mwishowe Anyesi akashindwa kuvumilia.

"Hujaona kitu mlangoni kwenu?"

"Lile jani? Mama amelifagia na takataka. Kwani ni la nini?"

Haikuwahi kumpitia Anyesi akilini kwamba yuko mtu asiyejua isale. Sasa ilimbidi aeleze mwenyewe, na angeelezaje bila kutaja kosa?

"Ni la kuomba msamaha," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuonea wivu, nikasema uongo."

Sasa Violet alimtazama usoni. "Wewe uliniita mwizi mara moja. Wenzetu wananiita kila siku. Kawaambie wao."

Anyesi alisimama mbele ya darasa na kusema yote. Mwalimu Thadeus alimgeukia Violet kwanza.

"Hata mimi nimekukosea, mwanangu. Nilimwamini ninayemjua, nikakuhukumu wewe kwa ugeni wako. Nisamehe. Moshi utakwenda wewe."

"Nimewasamehe, mwalimu," Violet alijibu polepole. "Wote wawili."

Kisha mwalimu akamtazama Anyesi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wivu humpata kila mtu, hata mimi mwenye mvi hizi. Ubaya ni kuukabidhi wivu ulimi wako. Na isale humsindikiza mtu anayekwenda kuomba msamaha. Halitumwi peke yake."

Siku Violet alipoondoka kwenda Moshi, Anyesi alisimama barabarani pamoja na wenzake. Gari lilipoanza kuteremka, ule wivu ulimchoma tena, vilevile kama zamani. Akaunyima ulimi wake, akampungia Violet mkono.