Kompyuta ya Dada Imekosa Sauti

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Dukani kwetu tunachapa barua na kutoa kopi, na siku ile kazi ilikuwa ya wanafunzi tu, karatasi juu ya karatasi, mashine ikipiga kelele na bosi wetu akipiga kelele kuishinda mashine. Saa nane hivi simu yangu ikaita. Dada yangu mkubwa.

"Mdogo wangu, kompyuta haitoi sauti. Njoo leo. Njoo kabla ya saa kumi."

"Umeangalia kama hukuishusha mwenyewe?"

"Wewe njoo tu, tafadhali."

Bosi alinipa ruhusa huku akicheka. "Nenda, daktari wa spika. Mgonjwa akikufia usimlete hapa."

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka hali naujua ugonjwa wote, kwa kuwa niliuleta mimi.

Nieleze vizuri. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na kompyuta nimejifunzia hapohapo dukani. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtunza stoo, na mtaani walimwita Funguo kwa lile rundo lililokuwa linaning'inia kwenye mkanda wake. Watu walidhani ni funguo za stoo. Nyingi zilikuwa za nyumba yake. Akitoka asubuhi alimfungia dada kwa nje. Na kwa kuwa hakuweza kuwa kazini na nyumbani kwa wakati mmoja, aliipanga kompyuta ikae kwa niaba yake. Kila saa kumi alasiri ilisema kwa sauti yake aliyoirekodi: "Uko wapi? Nani amekuja?" Dada alijibu kwenye maikrofoni, jibu likahifadhiwa, na jioni mwenyewe alilisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, asikie kama kuna mtu mwingine anayepumua.

Shemeji alifariki miezi minne iliyopita. Kompyuta haikupewa taarifa. Saa kumi ilipofika iliuliza, na dada aliacha chochote alichoshika akaenda kujibu. "Nipo, mume wangu. Hakuna mtu." Nilimsihi aizime. Akakataa. Mimi nikajifanya najua mambo ya kiroho kuliko yeye, nikasema moyoni kuwa hii ni huzuni iliyogeuka kifungo. Basi Jumapili, baada ya ibada ya jioni, alipokuwa jikoni, niliingia kwenye mipangilio nikakizima kifaa cha sauti. Nikachomoa na waya wa spika, kwa uhakika. Aliporudi nilimtazama usoni nikapokea maji ya kunywa. Uongo nimeusema mwingi maishani, lakini ule niliusema mdomo ukiwa umefungwa.

Basi Jumanne hiyo nilifika saa tisa na nusu. Dada alinivuta kwa mkono hadi kwenye kile chumba kidogo cha kompyuta, chenye dirisha moja la nondo. Uso ulikuwa umemshuka.

"Jana haikuuliza," alininong'oneza.

"Si afadhali?"

"Hujanielewa. Mashine haikuuliza. Yeye aliuliza. Kutoka koridoni."

Nilitaka kumwambia ni uchovu. Akanishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto msumbufu.

"Alipokuwa kwenye spika nilijua alipo. Ndiyo maana sikuizima. Sasa sijui alipo."

Nikakaa. Kazi niliijua. Nikarudisha waya kwenye tundu lake la kijani. Kimya. Nikafungua orodha ya vifaa vya sauti, nikaiagiza inionyeshe hata vile vilivyozimwa, ili nikiwashe nilichokizima. Orodha ilikuwa tupu. Nikaifunga, nikaifungua tena. Tupu. Kile kifaa nilikiacha humo Jumapili, na sasa hakikuwemo.

Saa tisa na dakika hamsini na tano.

"Dada, tutoke nje. Tutaitengeneza baadaye."

Nikanyoosha mkono kushika kitasa. Kabla sijakigusa, ufunguo ulizunguka upande wa pili. Polepole. Mara mbili.

Lile rundo la funguo tulilizika pamoja naye. Nililiona kwa macho yangu likiwekwa.

Nikagonga mlango kwa ngumi. Nikakimbilia dirishani. Jirani alikuwa anaanika nguo, hatua kumi tu kutoka kwetu. Nilimwita mpaka koo likauma. Hakugeuka. Alitundika shati, akalinyoosha mikono yake vizuri, akabeba beseni lake akaingia ndani.

Hapo ndipo nilipovunjika.

"Dada, ni mimi. Niliizima mimi. Jumapili, ulipokuwa jikoni."

"Ee, mdogo wangu," akasema. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. "Basi iwashe."

Ilibaki njia moja. Kuizima kompyuta yote na kuiwasha upya. Mara nyingine kifaa kilichopotea hujitokeza chenyewe. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi.

Saa kumi.

"Uko wapi?"

Haikutoka koridoni. Ilitoka mlemle chumbani. Chini. Chini ya meza, penye miguu yangu.

Nikaanza kusali. Sala ninayoijua tangu utotoni ilinikimbia, nikabaki na neno la kwanza tu. Nikalirudia. Nikalirudia.

Skrini bado nyeusi.

"Nani amekuja?"

Sasa ilikuwa nyuma ya shingo yangu. Nilisikia pumzi ikivutwa. Ndefu. Ilivutwa tu. Haikutolewa.

Nikajua anachosikiliza. Nikabana pua na mdomo kwa viganja vyote viwili. Kifua kikaanza kuniwaka. Macho yakaona nyota.

Dada akasimama. Alinisogeza nyuma yake taratibu, kama mtu anayehamisha kiti, akasema wazi, kwa sauti yake ile nzuri ambayo kanisani walikuwa wakiisubiri ianze ndipo nao waimbe:

"Hakuna mtu, mume wangu. Nipo mimi tu. Niulize mimi."

Kompyuta ikatoa mlio wake wa kuwaka. Spika zikanguruma. Kwenye kona ya skrini alama ya spika ikarudi, haina tena ule msalaba wa kuzimwa. Mlango ukaachia, ukafunguka upana wa kidole.

"Imepona!" Nilimrukia nikamkumbatia. "Dada, sauti imerudi!"

Akafungua mdomo anijibu. Midomo ilicheza. Koo lilicheza. Hakikutoka chochote.

Madaktari wawili wamemwangalia, wote wanasema koo ni zima. Nimefunga, nimeomba, nimesimama mbele ya waumini nikaungama. Amehamia kwangu, na mazungumzo yetu ni ya kuandikiana kwenye daftari. Kompyuta tumekuja nayo. Sithubutu kuizima, wala kuigusa spika, kwa sababu kila siku baada ya saa kumi linaongezeka faili moja la sauti. Maikrofoni niliing'oa mwenyewe nikaikatakata kwa mkasi. Mafaili yanakuja tu.

Ndani yake ni sauti ya dada. Siku za kwanza ilikuwa inaniita mimi. "Mdogo wangu, nitoe. Nimepapasa pande zote, huku hakuna mlango." Wiki ya pili ilikuwa inalia bila maneno.

La jana tulilisikiliza pamoja, yeye amekaa kando yangu, ameshika mkono wangu. Sauti ilikuwa tulivu. Ilikuwa kama inatabasamu.

"Ndiyo, mume wangu," ilisema. "Nimeshazoea. Sitaki tena kutoka."

Nikageuka. Dada alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, machozi yanadondoka juu ya kibodi.