Majani ya Juu ya Nyumba ya Maman Fanny

Simbilisi wa Ghislaine hawakuhitaji saa. Kabla mama yake hajawasha moto, vinyama hivyo kumi na kimoja, vidogo kuliko sungura na visivyo na mkia, vilianza kulia "kwii, kwii" chini ya meza ya jikoni vikidai majani.

"Ghislaine! Amuka, watoto wako wanalia!" mama alisema, huku akijitwisha beseni lake la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenda soko la Kadutu. Ghislaine, msichana wa miaka kumi na miwili, alicheka, akachukua mfuko na kutoka.

Alipoanza shule, Avenue ya Mikaratusi, huko mlimani juu ya Panzi, haikuwa na nyumba kumi. Sasa kila wiki unaona mbao mpya, mabati mapya, na mtu mpya anayeuza makala ya kupikia, yaani mkaa, kuchaji simu au kunyoa nywele. Wageni hao walipenda nyama ya simbilisi, na Ghislaine akaona biashara. Jirani yao Tonton Blanchard, mfuga mbuzi, alimpa simbilisi wawili wa kwanza. Wakazaana, akauza, akajinunulia viatu vya shule. Nani asingejivuna?

Lakini majani! Kila mahali palipokuwa na majani pamejengwa nyumba. Yalibaki yale tu ambayo watu wa avenue walipanda wakati wa salongo, kazi yao ya pamoja ya Jumamosi. Yalipandwa kwenye mteremko mkali, ili yashike udongo. Chini ya mteremko huo kulikuwa na uwanja ambapo wasichana walicheza nzango, mchezo wao wa kuruka na kupiga makofi, na pembeni mwa uwanja, nyumba ya Maman Fanny. Majani yale yalikatazwa kuguswa, na Ghislaine alijua vizuri sana.

Hata hivyo, asubuhi na mapema hakukuwa na mtu pale. Kisu cha nyumbani kilikuwa kimekwenda sokoni na mama, basi alivuta kwa mikono. Masika yalikuwa yamelainisha udongo, na majani yalitoka na mizizi yake yote. Alianzia sehemu ya mteremko iliyo juu ya uwanja. Alipoogopa kuonekana, akahamia nyuma ya migomba iliyoota mteremkoni, moja kwa moja juu ya nyumba ya Maman Fanny.

Jumanne mvua ilinyesha, mteremko ukakatika. Tope lilifunika nusu ya uwanja. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Jioni hiyo Papa Honoré, chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, alipiga filimbi na watu wakakusanyika.

"Nani amemaliza majani yetu?" aliuliza.

"Mbuzi ya Blanchard!" watu walipiga kelele.

"Mbuzi yangu inakata na meno," Tonton Blanchard alijitetea. "Haing'oi mizizi. Pandeni muangalie wenyewe!"

"Ah! Kumbe mbuzi yako iko na diplome ya kukata majani!" mmoja alimtania, na watu wakaangua kicheko. Papa Honoré akakata shauri: mbuzi wote wa Blanchard watoke katika avenue kabla ya Jumapili.

Ghislaine alikuwa amesimama kati ya wenzake wa nzango. Mbuzi wale ndio waliolipia shule watoto wa Tonton Blanchard. Lakini aligeuka, akaenda nyumbani.

"Watu wabaya kweli," mama yake alisema usiku huo akisonga bugali. "Blanchard, mutu muzuri hivi!" Ghislaine alisema ameshiba, ingawa alikuwa hajala kitu.

Jumamosi, watu walifanya salongo. Walipanga mifuko ya mchanga mteremkoni, upande wa uwanja, na kupigilia miti. Kufikia saa nane za mchana walikuwa wanajipangusa jasho, wameridhika. Hakuna aliyefikiria kufika nyuma ya migomba.

Ghislaine alikwenda peke yake. Aliona ufa mrefu ardhini, akatia mkono ndani, ukazama mpaka kifundoni. Chini yake aliona mabati ya Maman Fanny na nguo ndogo za Raphaël, mwanawe wa miezi saba, zimeanikwa kwenye kamba. Kule mbali, juu ya ziwa, mawingu yalikuwa meusi tii.

Nikisema, alifikiri, simbilisi wangu watachukuliwa. Mama atapita wapi na aibu hii? Ndipo Raphaël akalia kule ndani. Ghislaine aliteremka mbio, karibu aanguke.

"Papa Honoré! Si mbuzi! Ni mimi!"

"Wewe umefanya nini?"

"Mimi niling'oa majani. Ya simbilisi wangu. Na kuna pahali pengine, nyuma ya migomba. Udongo umepasuka! Maman Fanny iko ndani na mutoto!"

Jembe lilimponyoka mama yake. Papa Honoré alipanda kuangalia, naye mzee huyo ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia alirudi anakimbia.

"Toeni watu! Mutoto kwanza!"

Tonton Blanchard alimbeba Raphaël. Wengine walitoa godoro, sufuria na gunia la makala. Matone ya kwanza yaligonga mabati. Haikupita nusu saa, mlima ukashuka kwa kishindo, ukuta wa nyuma ukavunjika, na chumba ambamo Maman Fanny alilala na mwanawe kikajaa tope mpaka dirishani.

Maman Fanny alikitazama chumba chake. Kisha alimtazama Ghislaine. Ghislaine alilia kwa uchungu, na hakuna aliyembembeleza, hata mama yake.

Jumamosi iliyofuata avenue nzima ilimjengea Maman Fanny chumba kipya, mbali na mteremko. Simbilisi sita wa Ghislaine waliuzwa kununua mabati, na ni yeye mwenyewe aliyewapeleka. Mbele ya watu wote alimwomba msamaha Tonton Blanchard, ambaye mbuzi wake walibaki.

Tonton Blanchard alitoa kisu kidogo mfukoni. "Chukua. Kule bondeni kwangu kuna majani. Kata, mizizi uache, na wiki ijayo utakuta mengine. Biashara yako ni nzuri, mutoto. Lakini usiilishe nyumba ya mwenzako."

Halafu walipanda mlimani kupanda majani mapya. Ghislaine alikuwa amepiga magoti kwenye udongo aliposikia mtu akisimama karibu naye. Alikuwa Maman Fanny, Raphaël amelala mgongoni mwake.

"Siku nne mutoto wangu alilala pale," Maman Fanny alisema, "na wewe ulijua wapi uling'oa. Hiyo sitaisahau."

"Ndiyo, Maman," Ghislaine alijibu kwa sauti ndogo.

"Lakini ulisema mbele ya mvua kunyesha, na ndiyo sababu leo ninamubeba. Kila mutu anakosa. Siku nyingine ukikosa, usingoje ufa. Sema siku ile ile."

Akapiga magoti kando yake, akanyoosha mkono.

"Lete hayo majani, tupande. Mvua haitangoja hasira yangu iishe."