Kigoda cha Pili

Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua madirisha, ua wa Mama Marashi ulikuwa umeshanukia. Mpita njia aliyeamka vibaya alifika pale, akapunguza mwendo, akavuta pumzi, kisha akaendelea na safari yake akiwa mtu mwema kidogo.

Mama Marashi alitengeneza manukato ya mafuta. Alianza na chupa tatu na beseni la mama yake. Sasa wanawake walimfuata kutoka mitaa ya mbali. Mteja wake mkubwa alikuwa mpambaji wa maharusi, mwanamke mwenye sauti kubwa na mkoba mkubwa zaidi. Kila wiki alikuja kuchukua chupa zake.

"Shoga, bila wewe maharusi wangu wangenukia rangi ya kucha tu!" alisema, na mtaa mzima ukasikia.

Kazi yote ilifanyika katika chumba kidogo cha uani. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Marashi, usiku na mchana. Mumewe alikuwa fundi seremala. Mlango ule aliutengeneza yeye mwenyewe.

"Mke wangu," alimtania, "hata mimi niliyeupigilia misumari nabisha hodi. Umefuga jini humo ndani?"

"Nimefuga riziki," alijibu Mama Marashi. "Jini ni wewe, unayezungukazunguka nje."

Mumewe alicheka. Kila Ijumaa mkewe alimtengenezea manukato yake peke yake. Alimnusisha huku akiongeza tone baada ya tone. "Bado," husema mume. "Bado. Haya, hapo!" Akajipaka, akaenda msikitini akitembea kama bwana harusi.

Nyumbani alikuwapo pia mkamwana wao, mke wa kijana wao wa pekee. Kijana huyo aliendesha malori, na nyumbani alionekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Mkamwana aliosha chupa, akazianika, akafuta meza. Lakini wakati wa kuchanganya mafuta ulipofika, mlango ulifungwa naye akabaki nje.

Siku moja, wageni wakiwa uani, mkamwana alinusa chupa iliyotoka kujazwa. Akasema kwa upole, "Mama, leo asumini haijazidi kidogo?"

Mama Marashi akageuka kama aliyechomwa sindano.

"Nani kakuuliza? Kazi yako kuosha chupa! Ukishajua mawili matatu, utafungua duka lako, mimi nibaki nauza chupa tupu!"

Wageni waliangalia chini. Mkamwana alirudisha kifuniko, akaenda zake jikoni. Tangu siku ile hakuuliza tena.

Jioni ile Mama Marashi akaambiwa na mumewe, "Mfundishe yule mtoto. Ana pua nzuri."

"Pua anayo. Moyo wake je, umeuona?"

Mume hakubishana. Kesho yake alileta kigoda kipya kutoka karakana, akakiweka chumbani pembeni mwa kile cha mkewe.

"Hiki cha nini? Humu tunakaa wawili?" aliuliza Mama Marashi. Akakitoa nje, akakifanya kiti cha beseni la kufulia. Kikapigwa jua, kikanyeshewa mvua. Mumewe alikiona. Alitabasamu tu. "Haya," akasema, "angalau beseni limepata pa kukaa."

Wiki chache baadaye, alirudi kutoka kazini akisema kifua kinambana. Kabla ya magharibi alikuwa amefariki dunia.

Mama Marashi akaingia eda. Mwanamke Muislamu aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hujizuia mapambo. Hujizuia manukato. Yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa manukato, sasa alivua hata shuka lililobaki na harufu, akalikabidhi lifuliwe.

Chumba cha uani kikafungwa. Maji na uji wa nyumba vilitegemea chumba hicho, kwa sababu karakana ya mume ilikwisha kurudi kwa mwenye jengo, na alichotuma kijana wao hakikutosha. Mpambaji alikuja kutoa rambirambi. Alilia kweli, si machozi ya kukopa. Lakini kabla ya kutoka alisema, "Shoga, samahani, najua si wakati wake. Maharusi wangu hawangoji."

Mama Marashi akamwita mkamwana. Akavua ufunguo shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na mkono wake haukutaka kuuachia.

"Ingia. Mimi nitakaa huku mbali, nikuelekeze kwa mdomo. Tia waridi."

"Waridi liko kwenye mtungi gani, Mama? Mitungi yote imefanana."

"Ule... ule unaojulikana."

"Unajulikana na nani?"

Mama Marashi akasema, "Wa pili. Au wa tatu. Tia kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi! Mpaka pua iseme!"

"Pua yangu uliniambia inyamaze, Mama," alijibu mkamwana kutoka ndani. Hakupandisha sauti. Jibu lile lilimchoma Mama Marashi kuliko kelele.

Chupa zilijazwa kwa kubahatisha, mpambaji akazichukua. Baada ya siku mbili alizirudisha zote. "Bibi harusi kaniuliza kama nimempaka dawa ya kuchua misuli. Nisamehe, shoga. Nimepata mtu mwingine." Akaondoka. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo.

Mama Marashi alikaa akitazama ua. Macho yakaangukia kigoda chini ya beseni. Mbao zilikuwa zimepauka na mguu mmoja ulikuwa na ufa. Alikumbuka maneno ya mumewe, moja baada ya jingine. Angekuwa hai, angemwambia, "Ulisema kweli." Neno dogo namna hiyo, na alikuwa na muda mwingi wa kulisema.

Alasiri akaja Ustadha. Huyu alikuwa jirani yao, mwalimu wa madrasa ya wanawake, na tena mwenye karakana ya kushona mabuibui.

"Ustadha," alisema Mama Marashi, "je, nikiingia tu nichanganye, halafu nitubu baadaye?"

Ustadha akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, toba haiwekewi oda!" Kisha akakaa vizuri. "Sikiliza. Manukato huruhusiwi kujipaka mpaka eda iishe. Na wewe ukichanganya, mafuta yanakufika viwikoni. Tusidanganyane. Lakini kufundisha, nani kakukataza? Kuzungumza na wateja, kuagiza mafuta, kupanga kazi, yote yamo mikononi mwako. Hata ukiwa na haja ya lazima, mchana unatoka, unarudi kulala kwako. Eda haikufunga biashara yako."

"Iliyofunga ni nini basi?"

"Lile kufuli lako. Bibi Khadija, mke wa Mtume, misafara yake ya biashara ilikwenda mbali, naye yuko nyumbani. Alikuwa na watu aliowaamini kwa kazi yake. Wewe uliamini chuma."

Mama Marashi akapapasa shingo, pale ulipokuwa ukining'inia ufunguo.

"Usidhani nakucheka," aliendelea Ustadha. "Mimi nilipojifungua mapacha, cherehani zangu zilisimama. Wateja walileta pongezi, wakachukua vitambaa vyao, wakaenda. Ndipo nikafundisha wawili. Mwenye biashara ni binadamu. Anaugua, anajifungua, anafiwa, anakwenda hija. Kazi anayoijua mtu mmoja inalala anapolala."

"Na akinikimbia na siri yangu?"

"Huenda akakimbia. Ndiyo maana mnakubaliana mapema, mbele ya mashahidi, nani anafanya nini na nani anapata nini. Lakini hebu niambie, mpaka leo nani kakimbia? Mkamwana wako, au mteja wako?"

Ustadha alipoondoka, Mama Marashi alimfuata mkamwana jikoni. Alimkuta akikamua kitambaa.

"Mwanangu, nilikukosea. Nilikuaibisha mbele za watu."

Mkamwana aliendelea kukamua, ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Mama, siku ile, asumini ilizidi au haikuzidi?"

"Ilizidi."

"Basi." Akakitundika kitambaa. "Nitaingia. Lakini sitakaa sakafuni."

Mama Marashi akatoka uani mwenyewe. Akaliondoa beseni, akakifuta kigoda kwa upindo wa nguo yake, akakileta. Kilichezacheza. Mkamwana akakunja kitambaa, akakisukumia chini ya mguu wenye ufa, kikatulia.

Kazi ikaanza. Kwanza, mkamwana aliweka alama kwenye kila mtungi. Baadaye wakafika kwenye ugumu wenyewe. Mkono wa Mama Marashi ulijua vipimo, ila ulimi wake haukujua. Wakahangaika. Mwishowe mkamwana akaleta maji.

"Mama, usiguse mafuta. Mimina maji kama unavyomimina waridi."

Mama Marashi akafumba macho, akamimina. Mkamwana akayapima maji yale kwa kijiko kidogo. "Vijiko vinne na nusu! Kumbe 'kiasi' ni vinne na nusu!" Walicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Wakapima hivyo waridi, sandali, asumini na miski.

Kila mchanganyiko mpya, mkamwana aliupaka kidogo mkononi mwake na kuungoja mpaka kesho, aone kama ngozi inawasha. Ustadha ndiye aliyekuwa pua ya Mama Marashi. "Hii nzuri," husema. "Hii itamleta mume nyumbani. Hii itamfukuza." Chupa za kwanza zilichukuliwa na wanafunzi wa madrasa. Wakarudi na dada zao.

Manukato ya mumewe tu ndiyo yaliyoshindikana. Mama Marashi alimimina maji mara nyingi, na kila mara yakawa tofauti. Yale hayakuwahi kuwa na kipimo. Yalipimwa na mtu aliyekuwa akisema "bado", na mtu huyo hayupo.

"Yaache, Mama," alisema mkamwana polepole.

Eda ikaisha. Mama Marashi alioga, akaingia chumbani, akanyoosha mkono. Mkamwana akamdondoshea tone moja. Akanusa kwa muda mrefu. Machozi yakamlenga.

"Sema ukweli, Mama."

"Asumini haijazidi," alisema.

Mpambaji hakurudi. Alipita siku moja, akasalimia kwa uchangamfu, akaendelea na safari. Lakini chupa zilitoka, na mlangoni pale pa uani palibaki tundu la kufuli pasipo kufuli. Baadaye binti wa jirani, mjane kijana, akaomba kujifunza. Mama Marashi alimwita fundi seremala mwingine.

"Nataka kigoda kingine kama hiki."

Fundi alikigeuza kile cha zamani, akakitikisa. "Kazi nzuri hii. Ila kimeharibiwa na mvua. Nikitengeneze mguu?"

"Kiache," alisema Mama Marashi. "Hicho kilinyeshewa kwa kosa langu. Kiache kichezecheze."